Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, na katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuzipatanisha. Ya kwanza yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza yamwona mgeni kuwa ni dawa. Ya pili yamwona kuwa ni mdomo mwingine wa kulisha, ambao usipopewa kazi utaimaliza ghala. Nilikuwa nikizifundisha zote mbili katika kipindi cha Kiswahili, watoto wakiziandika kwenye madaftari yao moja chini ya nyingine, wala hakuna aliyewahi kuniuliza ipi ni ya kweli.

Swali hilo lilikuja kwa njia nyingine, mwezi Aprili 1995. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi isiyo mbali na stesheni ya Mikese, na kila Ijumaa alasiri tulikuwa na mdahalo. Mwishoni mwa Machi serikali ilikuwa imeufunga mpaka wetu na Burundi ili kuzuia wimbi jipya la wakimbizi, na redio zilikuwa hazina habari nyingine. Mwalimu wa zamu akaandika hoja ubaoni: "Wageni huleta hasara kuliko faida katika taifa."

Ndugu msomaji, watoto wa darasa la sita na la saba wakipewa nafasi husema yale wanayoyasikia barazani kwa baba zao. Mvulana mmoja alisimama, akamsalimu Mwenyekiti, mtunza muda na wasikilizaji wenzake, kisha akasema kwamba mtu anayeingia nyumbani bila kupiga hodi si mgeni bali ni mwizi. Akapigiwa makofi. Msichana wa upande wa kupinga akajibu kwamba bibi yake anauza ndizi kwa wasafiri, na kwamba wasafiri wasipokuja bibi atazila mwenyewe mpaka aumwe tumbo. Watoto wakacheka, lakini kura zilipohesabiwa waliotetea hoja walishinda kwa mbali.

Kabla hatujatawanyika, msichana yule aliinua mkono. "Mwalimu, na wewe unaonaje?"

Nilimjibu kwamba mwalimu hapigi kura. Lilikuwa jibu la kiutaratibu, na halikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba nililitumia kujificha. Baba yangu mzazi alikuwa mgeni katika nchi hii. Kutaka kulijibu swali lile sawasawa, ingawa nimechelewa miaka mingi, ndiko kulikonifanya niandike kurasa hizi.

Na tuanze na Mikese yenyewe. Anayepita leo katika barabara kuu ya Dar es Salaam huiona kama mahali pa kununua matunda kabla ya kuingia Morogoro mjini. Lakini Mikese ni kijiji cha njiani tangu zamani. Henry Stanley alipita hapa mwaka 1871 na msafara wake, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na jina la Mikese limo katika safari yake. Mbele kidogo, chini ya milima ya Uluguru, aliukuta mji wenye boma la mawe, uliokuwa ukitawaliwa na binti wa Kisabengo aliyeitwa Simbamwene. Kisabengo huyo hakuwa Mluguru. Alikuwa Mzigua aliyekuja kutoka kaskazini, akakusanya watu wa kila aina, wakiwamo watumwa waliotoroka, akajenga ngome iliyotiwa hofu na misafara yote. Basi mji tunaouita leo Morogoro, ambao tunajivunia wenyeji wake, mizizi yake ni mgeni mwenye bunduki.

Hata Waluguru wenyewe, kama wazee wanavyosimulia koo kwa koo, walipanda milimani wakitoka sehemu mbalimbali, wengi wao wakikimbia vita na njaa za bondeni. Mlima uliwapokea kwa kuwa adui hakuuweza. Wakalima miteremko, wakasahau kwamba waliwahi kuwa wakimbizi. Sisemi hivi ili kuwasuta, kwa sababu ni watu wa mama yangu. Nasema ili tuelewe kwamba neno "mwenyeji" mara nyingi maana yake ni mtu aliyewahi kufika mapema.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, na Mikese ikapata stesheni, na pembeni ya stesheni yakaota maduka ya Wahindi na Waarabu. Mwaka 1916 vita vya wakubwa vikafika. Waingereza walipoiteka Morogoro mwezi Agosti mwaka ule, Mikese ikawa mahali pa kushushia majeshi na mizigo iliyokwenda kusini kwa njia ya miguu hadi mto Rufiji. Walishuka hapa askari kutoka Nigeria, Gold Coast na Bara Hindi, na nyuma yao wapagazi wengi waliotwishwa mizigo katika matope ya masika. Hao ndio wageni wa hatari kweli waliowahi kupita Mikese, na hakuna hata mmoja wao aliyeomba kibali kwa mwenyeji. Hatari kubwa kwa usalama wetu ililetwa na serikali mbili za Ulaya, si na mtu aliyekuja na kibuyu cha maji akitafuta kazi.

Aliyekuja na kibuyu alikuja baadaye, kwa ajili ya katani. Katani nayo ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikapona ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga na Morogoro, na tulipopata Uhuru mwaka 1961 katani ndiyo iliyokuwa zao la kwanza kwa kuiletea nchi fedha za kigeni. Ni nani aliyeikata? Wenyeji wa hapa wengi walikuwa na migunda yao ya mpunga, mahindi na ndizi, wala hawakuwa na haja ya kuchomwa na miiba kwa ujira wa senti. Kwa hiyo wenye mashamba walileta watu wa mbali: kutoka Songea na Iringa, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Msumbiji. Wakaitwa manamba, maana walijulikana kwa namba zao.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mmakonde wa uwanda wa Mueda, akavuka Ruvuma kwa mtumbwi akikimbia kazi ya shokoa ya Wareno. Alikata katani Lindi, kisha akafika upande wetu mwaka 1946. Alikuwa na chale usoni na meno yaliyochongwa, kiasi kwamba hakuweza kuficha atokako hata kama angetaka. Nilipokuwa mdogo watoto wenzangu walinifuata njiani wakiniita mtoto wa Mmawia. Likipotea jembe au kuku, watu walitazama kwanza kambi ya manamba.

Nimelifikiri sana jambo la ujira, kwa sababu ndilo linalorudi katika kila mjadala wa wageni. Husemwa kwamba mgeni huja kuchukua kazi ya mwenyeji. Kwa baba yangu haikuwa hivyo, kwa kuwa kazi aliyoifanya mwenyeji aliikataa. Hata hivyo sitasema kwamba hakuna hasara. Mwenye shamba alimpenda mtu wa mbali kwa sababu mtu wa mbali hana kwa kukimbilia. Alipewa kipande chenye visanduku 30, na hakulipwa mpaka vyote vijae. Mwenyeji angetupa panga na kurudi kwao jioni ile ile. Baba hakuweza. Basi ujira ukabaki chini kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji, na faida ikaenda kwa asiyekuwa yeyote kati ya hao wawili. Hasara hiyo ilikuwapo kweli, ila haikutoka kwa mgeni. Ilitoka katika masharti aliyowekewa.

Aliyebadilisha masharti hayo kwa baba alikuwa mjomba wangu. Msomaji asiyewajua Waluguru aelewe kwamba kwetu ukoo hufuata mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume anayeoa hukaa katika ardhi ya mkewe kama mgeni aliyekaribishwa, hata akiwa ametoka kijiji cha pili tu. Mama yangu alikuwa mtu wa miteremko ya Kinole. Baba alipotaka kumwoa, wazee wengine walikataa, wakisema hajulikani kwao. Mjomba alisema, kama mama alivyotuhadithia, kwamba mume yeyote hajulikani mpaka alime. Akampa baba kipande cha pori karibu na Mikese, akampa na jembe. Hapo ndipo nilipozaliwa mwaka 1949, katika ukoo ambao hakuna aliyeweza kunitoa, kwa sababu ukoo haukuwa wa baba.

Naruka sasa miaka mingi, nifike wakati nilipokuwa mwalimu kijana. Nilisoma ualimu Kigurunyembe, chini ya mlima, mwaka 1970 na 1971. Siku hizo Morogoro ilikuwa na wageni wa aina mpya. Mwaka 1969 chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilikuwa kimefanya mkutano wake mkubwa mjini hapa. Mwezi Februari mwaka huo huo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Baba yangu, ambaye kwa desturi hakuwa mtu wa siasa, alilia. Sisi tulijifunza kwamba kumpa mtu hifadhi ni kukubali kugawana naye maadui zake. Watawala wa Pretoria walishambulia Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985. Tulipowatazama wanafunzi wa Afrika Kusini wakipita mjini, tulijua kwamba ndege zilizofika kwingine zingeweza kufika na kwetu.

Hata hivyo tulikuwa tumewapa Mazimbu, shamba la zamani la katani, na kuanzia mwaka 1978 wakajenga hapo shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Baadaye wakapewa na Dakawa. Walikuja na misaada ya nchi nyingi, wakajenga madarasa, nyumba, hospitali, karakana na mabanda ya mifugo. Mafundi na vibarua wengi walikuwa watu wetu.

Kisha ikaja tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge, na gari lake likagongana na gari jingine hapo Dakawa, akafa. Dereva wa gari lile jingine alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini.

Sidhani kama kijana wa leo anaweza kuelewa siku zile. Sokoine alikuwa kipenzi cha watu, hasa kwa vita vyake dhidi ya walanguzi. Walimu wanaume walilia mbele ya wanafunzi. Maneno ya mitaani yalikuwa mengi, na mengine siyaandiki. Kesho yake, katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba wageni wale wote wafukuzwe. Nilimtazama nikakumbuka jembe lililopotea na kambi ya manamba. Lakini sikusema kitu, kwa sababu hata mimi nilikuwa na hasira.

Serikali haikuwafukuza. Dereva alipelekwa mahakamani, akahukumiwa, akafungwa. Mtu mmoja alijibu kwa kosa la mtu mmoja. Mazimbu iliendelea, na Julai 1992, Afrika Kusini ilipokuwa ikifunguka, ANC ikatukabidhi majengo yote. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nimewahi kuwa na wajukuu waliosoma katika madarasa hayo, ndani ya chuo chenye jina la Sokoine, kwenye kampasi yenye jina la Mahlangu. Kila nikipita getini huwaza kwamba kama tungetenda kwa hasira ya Aprili 1984, majina hayo mawili yasingekaa pamoja.

Lakini nisije nikaonekana kama mtu anayesimulia upande mmoja. Mwaka 1994 ulitufundisha somo gumu zaidi. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Wilayani Ngara wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Misitu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibiwa mashambani, silaha zikazagaa. Kubwa kuliko yote, ndani ya umati ule walikuwamo walioua, wamechanganyika na wasio na hatia, na wakawa wakiziongoza kambi kwa vitisho. Wakati huo huo wakulima wa Ngara waliuza ndizi na maharage kuliko walivyowahi kuuza, na vijana wakapata kazi katika mashirika. Faida na hasara zilikaa katika kijiji kimoja, lakini mara nyingi si katika nyumba moja: mwenye ng'ombe na shamba alipata, mjane aliyenunua chakula sokoni akapata shida. Desemba 1996 wengi wao walirudishwa kwao.

Ukilinganisha na hao Warundi waliokuja mwaka 1972, utaona tofauti. Walipewa mapori ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakapewa ekari za kulima, na baada ya miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2010 serikali iliamua kuwapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao, na mwaka 2014 ikaanza kuwapa hati zao. Wote walikuwa wakimbizi, wote walivuka mpaka wakikimbia kifo. Wale wa 1972 walipewa jembe. Wale wa 1994 walikuwa wengi mno na walikuja haraka mno, wakapewa turubai na mgawo, na wenye bunduki wakabaki na nafasi ya kuwatawala.

Sasa nimalizie kwa jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikwenda katika ofisi moja kufuatia kitambulisho. Kijana aliyekuwa mezani alinisalimu kwa heshima. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Akaniuliza jina, mahali nilipozaliwa, kazi. Kisha akauliza baba yangu alizaliwa wapi. Nikasema Msumbiji.

Kalamu ikasimama. Niliambiwa nikae pembeni, kisha nirudi siku nyingine, kisha nilete ushahidi. Ilichukua miezi saba. Niliyewafundisha siasa na uraia watoto wa nusu ya kata nilizunguka na bahasha nikitafuta wazee wa Kinole walio hai waape kwamba mama yangu alikuwa binti yao. Sheria ilikuwa upande wangu. Aliyezaliwa Tanganyika, na mmoja wa wazazi wake akiwa amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961. Nikapeleka hati za kiapo, na pamoja nazo kile kipande cha baba, ambacho mama alikihifadhi katika kopo la majani ya chai. Mwishowe nilipewa kitambulisho changu.

Nataka nimtendee haki kijana yule. Kuuliza ilikuwa kazi yake, na nchi isiyouliza haina mlango. Kilichoniuma kilikuwa kingine. Katika benchi lile la kusubiri, mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniinamia akaninong'oneza: "Mwalimu, na wewe kwa nini ulisema kweli? Mimi nilisema Newala, nikamaliza siku moja."

Maneno hayo nimetembea nayo. Kama msema kweli husumbuliwa miezi saba na mwongo siku moja, basi tunawafundisha watu uongo, na daftari la serikali hujaa vijiji ambavyo hakuna aliyezaliwa. Nimetunza rejesta za shule kwa zaidi ya miaka 30, najua kwamba rejesta ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na rejesta, maana mwenye nayo huamini kwamba anajua. Usalama wa nchi unaanzia hapo: kuwajua waliomo ndani kwa majina yao ya kweli. Na mtu hutaja jina lake la kweli pale tu anapoona kwamba ukweli una njia ya kumfikisha mahali, japo njia hiyo iwe ndefu, na japo mwisho wake uwe kuambiwa arudi kwao.

Msichana yule wa mdahalo sasa ni mama wa watu wazima. Ana meza ya machungwa na mafenesi kandokando ya barabara, na treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024 imempunguzia wateja wa mabasi, jambo analolilalamikia kwa sauti ile ile. Mwezi uliopita nilimkuta, nikamwambia kwamba nina deni lake la jibu tangu mwaka 1995. Hakukumbuka swali. Nikamkumbusha, kisha nikamwambia kwamba baba yangu alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, manamba.

"Hilo tulilijua, Mwalimu," akasema. "Bibi alituambia. Tulikuwa tunangoja uliseme mwenyewe."

Akanichagulia machungwa matano, akakataa kupokea fedha.